Telefone ndani ya ordinatere: pa kujaribia fomu mbele ya msimu

Koperative nyingi za kahawa na za kakao huku mashariki mwa Kongo zimeanza kuandika kilo za wakulima ndani ya telefone kuliko ndani ya daftari. Ni jambo zuri. Lakini tunapotembelea vituo vya kuoshea kahawa tunakuta shida moja inarudi kila mara: telefone za kazi ziko mbili ao tatu, zote ziko mikononi mwa wapimaji, na fomu mpya inajaribiwa siku ileile mkulima anapofika na mzigo wake kichwani. Kosa likitokea, linatokea juu ya kilo za mtu.

Na ofisini kuna ordinatere. Inaandika barua, inatoa ripoti ya mwezi, siku nyingine imefunikwa kitambaa juu ya vumbi. Ndani ya mashini hiyo inawezekana kuweka telefone nzima: inaonekana kwenye kioo, inawaka, inapokea programu, lakini haishikiki kwa mkono. Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa emulatere. Inaigiza telefone ya Android ndani ya ordinatere, na programu unazoweka humo hujiendesha kama vile ziko ndani ya telefone ya kweli.

Tunaandika habari hii kwa masekretere, wahasibu na monitere wa kilimo wanaotengeneza fomu za koperative zao. Wanachama wengine nao waisome, kwani kilo zinazozungumzwa hapa ni zao.

Kilo 37 na nusu

Tuchukue mfano mmoja tu. Kwenye KoboToolbox, ambayo koperative nyingi zimeipata kupitia mashirika ya misaada, anayetengeneza fomu anachagua aina ya kila swali. Kuna aina inayoitwa "Nombre" na kuna nyingine inayoitwa "Décimal". Kwa mtu asiyezoea, zote mbili ni namba basi. Kumbe "Nombre" inapokea namba nzima peke yake.

Siku ya kazi mpimaji anasoma kwenye mzani kilo 37 na nusu. Anatafuta nukta ya kuandika hiyo nusu, haipati. Afanye nini, na watu wako kwenye mstari na jua linashuka? Mmoja ataandika 37. Mwingine mwenye huruma ataandika 38. Wa tatu ataandika 375, na huyo mkulima jioni atakuwa tajiri ndani ya ordinatere peke yake.

Tufanye hesabu. Tuseme koperative ina wakulima 400, na kila mmoja analeta kahawa mara 12 kwa msimu. Hayo ni mapimo 4.800. Kama nusu ya mapimo hayo yanapoteza nusu kilo, tumefika kilo 1.200 za kahawa mbivu. Ukihesabu kilo 6 za kahawa mbivu kwa kilo 1 ya kahawa kavu ya kuuzwa nje, hizo ni kilo 200: magunia matatu ya kilo 60, na kilo 20 juu yake. Kahawa yenyewe haikupotea, iko ndani ya depo. Kilichopotea ni majina ya walioileta. Siku ya kugawanya feza, ugomvi unaanzia hapo, na hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo chake ni kuchagua neno moja pahali pa lingine kwenye fomu.

Kosa kama hilo linaonekana katika dakika mbili, kama mtu amejaza fomu ndani ya programu yenyewe mbele ya msimu. Wengine watasema: lakini Kobo inaweza kuonyesha fomu kwenye ukurasa wa intaneti, si inatosha? Kwa kusoma maswali, inatosha. Lakini mpimaji hatafanya kazi kwenye ukurasa wa intaneti. Atafanya kazi ndani ya KoboCollect, programu iliyotokana na ODK Collect, ya mradi ulioanzishwa mwaka 2008 kwenye Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani. Humo anavuta ukurasa kwa kidole, anatunza fomu, anaimaliza, halafu anaituma akipata rezo. Ni mwendo huo wote unaopaswa kujaribiwa.

Mashini yenu inaweza?

Hapa tuseme ukweli mapema, kwani wengi wanapoteza siku mbili na mega nyingi mbele ya kujua kwamba mashini yao haiwezi. Emulatere ni mzigo mzito. Ordinatere inabeba kazi yake, tena inabeba telefone nzima mgongoni.

Jambo la kwanza ni RAM, yaani memwari ambayo mashini inatumia wakati wa kazi. Kwa Android Studio, programu ya bure ya Google yenye emulatere rasmi, giga 8 ni kiasi cha chini kwa programu peke yake, na giga 16 ni kiasi cha chini mkitumia na emulatere. Mashini ya giga 4, hata ukiisukuma namna gani, itakwama. La pili ni nafasi kwenye diski: tafuteni giga 16 zilizo wazi, na zikiwa zaidi ni vizuri.

La tatu ndilo watu wengi hawalijui. Prosesere ya mashini lazima iwe na uwezo wa kuendesha mashini nyingine ndani yake, na uwezo huo lazima uwe umewashwa. Kwenye Windows ya Kifaransa, finyeni pamoja Ctrl, Maj na Échap. Ukurasa wa "Gestionnaire des tâches" utafunguka. Ingieni kwenye "Performance", halafu kwenye prosesere, mtafute neno "Virtualisation". Kama imeandikwa "Activé", songeni mbele. Kama imeandikwa "Désactivé", msiseme mara moja kwamba mashini ni mbovu: mara nyingi uwezo upo, umezimwa tu.

Kuuwasha kunafanyika mbele ya Windows kuanza. Zimeni mashini, iwasheni tena, na papo hapo mfinye mara nyingi kibonye cha kuingia kwenye BIOS. Kwenye mashini za HP mara nyingi ni F10, kwenye Dell ni F2. Nyingine zinatumia Suppr ao Échap. Humo tafuteni maneno "Intel Virtualization Technology" ao "VT-x". Kwa prosesere za AMD ni "SVM". Washeni hiyo, mtunze, mtoke. Vitu vingine humo ndani msiviguse. Na kama umeme wenu unakatika ovyo, fanyeni kazi hii wakati betri ao jenereta iko tayari.

Kuna emulatere nyingine, na vijana wanaocheza michezo wanazijua: BlueStacks, kwa mfano, inakubali mashini ya giga 4. Sisi hatuipendelei kwa kazi ya koperative. Imetengenezwa kwa ajili ya michezo, ina matangazo, na haiwapi njia rahisi ya kuunda telefone inayofanana na ile ya mpimaji wenu. Pia msihangaike na ile ya Microsoft iliyokuwa ndani ya Windows 11: Microsoft iliacha kuiunga mkono mwezi wa 3 mwaka 2025.

Kuiweka

Mega ndizo gharama kubwa. Android Studio peke yake ni zaidi ya giga 1, na Android ya kuweka ndani ya emulatere ni zaidi ya giga 1 nyingine. Kwa bei ya mega huku kwetu, si haki kila koperative ipakue peke yake. Afadhali mtu mmoja wa muungano wa koperative afanye kazi hiyo mjini, pahali penye intaneti nzuri, kisha agawanye kwa kle ya USB. Anakili vitu viwili: faili ya kuwekea Android Studio, na fungu zima linaloitwa "Sdk" ambalo programu inatengeneza baada ya kuwekwa. Kwenye Windows linakaa ndani ya AppData, Local, Android. Koperative inayopokea kle inaweka programu, na inapoulizwa Sdk iko wapi, inaonyesha fungu hilo. Mega zinabaki mfukoni.

Programu hii inazungumza Kiingereza peke yake, lakini vibonye vya kufinya si vingi. Kwenye ukurasa wa kwanza tafuteni "More Actions", halafu "Virtual Device Manager". Hapo ndipo telefone zinaundwa. Finyeni alama ya kuongeza, mchague umbo la telefone, halafu toleo la Android.

Msichague telefone nzuri kuliko zote juu ya kufurahisha macho. Chukueni kwanza telefone ya mpimaji, fungueni "Paramètres", halafu "À propos du téléphone", muandike toleo lake la Android. Chagueni toleo hilohilo kwenye emulatere, ao la karibu nalo, na kioo kidogo kama chake. Swali refu linaloonekana vizuri kwenye kioo kikubwa, kwenye kioo kidogo litajificha nusu, na mpimaji atajibu nusu aliyoiona.

Kati ya matoleo mtaona mengine yana alama ya Google Play. Hayo yana duka la programu ndani, mnaingia na akaunti ya Google na kuchukua KoboCollect humo. Fungueni akaunti ya koperative kwa kazi hiyo, isiwe ya mtu binafsi. Kama hamtaki akaunti, chukueni faili ya APK kutoka kwa watengenezaji wenyewe, muivute kwa kipanya na kuiachilia juu ya telefone iliyo kwenye kioo; itajiweka yenyewe. APK iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp msiikubali, hata kama ametuma mtu mnayemheshimu. Hajui nani aliifungua mbele yake.

Mara ya kwanza telefone inakawia kuwaka. Acheni, mwende mkanywe chai. Ikiwaka, ingizeni kwa mkono anwani ya seva, jina na neno la siri vya mradi wenu. Njia ya kupiga picha ya alama ya QR ipo, lakini ndani ya emulatere inasumbua bure.

Kujaribu kweli

Mbele ya kujaza chochote, tengenezeni nakala ya mradi wenu kwenye Kobo na muiite JARIBU. Majaribio yote yaende humo. Yakiingia kwenye mradi wa kweli, mwisho wa msimu mhasibu atatafuta mkulima aliyeleta kilo 9.999 siku ambayo kituo hakikufunguliwa.

Halafu mtu wa kujaribu asiwe yule aliyetengeneza fomu. Yeye anajua majibu, vidole vyake vinapita juu ya makosa bila kuyaona. Mkalishe mpimaji mbele ya mashini, ao mama anayepokea kahawa mlangoni, mumpe mapimo kumi kutoka daftari la mwaka jana, na mnyamaze. Msimsaidie. Pale anaposimama na kuwaangalia, ndipo fomu ina shida. Je, kijiji chake kimo kwenye orodha? Mkulima asiye na namba ya mwanachama anaandikwa namna gani? Wakulima wawili wenye jina moja, kutoka kilima kimoja, watatenganishwa na nini?

Jaribio tunalolipenda kuliko mengine ni la rezo. Emulatere inatumia intaneti ya ordinatere, lakini unaweza kushusha ukurasa wa juu wa telefone hiyo na kuwasha alama ya ndege. Rezo inakatika, kama vile kwenye vilima vyetu. Mwache mpimaji ajaze fomu tatu, azimalize, ajaribu kuzituma. Zitakataa. Wengi hapo wanashtuka, wanafikiri kazi imepotea, wanaanza kuandika upya, na kilo zilezile zinaingia mara mbili. Mwonyesheni kwamba fomu zimelala ndani ya telefone zikingoja. Zimeni alama ya ndege, zitume, mziangalie zikifika. Mtu aliyeona jambo hilo kwa macho yake mara moja hataandika mara mbili.

Na kama mtu ameharibu kila kitu katika kujifunza, hakuna hasara. Kwenye orodha ya telefone zenu kuna "Wipe Data": inafuta yote na telefone inarudi kuwa mpya. Kwenye telefone ya kweli yenye kilo za wiki nzima, nani angethubutu kumwacha mwanafunzi afinye ovyo?

Nukta za shamba zisitoke humu

Sasa tufike kwenye jambo linalotutia wasiwasi. Umoja wa Ulaya una sheria namba 2023/1115 kuhusu mazao yanayotoka kwenye misitu iliyokatwa. Kahawa na kakao zimo. Tarehe ya kuanza kuitumia imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawangojei: wanaomba sasa nukta za GPS za kila shamba, zenye tarakimu sita baada ya alama ya kukata. Kwa shamba linalozidi hektari 4, nukta moja haitoshi, lazima kuchora mipaka yote. Na shamba halipaswi kuwa pahali ambapo msitu ulikatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020.

Emulatere haina GPS ya kweli. Inasema iko pale ilipoambiwa iko. Isipoambiwa kitu, inasema iko Mountain View, Kalifornia, karibu na ofisi za Google. Na unaweza kufungua ramani yake, ukaweka kidole Kalehe, ukaweka tena Idjwi, na KoboCollect itapokea nukta hizo bila kuuliza swali. Kwa mafunzo ni jambo zuri: monitere anaona nukta inavyoandikwa na namna ya kuzunguka shamba kubwa. Kwa kazi ya kweli ni hatari. Monitere aliyechoka, mwenye mashamba 60 ya kutembelea na viatu vilivyotoboka, anaweza kujaribiwa kuyamaliza yote akiwa amekaa ofisini. Mnunuzi akigundua nukta za uongo, hatamuuliza monitere. Atafunga mlango kwa koperative nzima, pamoja na wale ambao mashamba yao yalipimwa vizuri.

Kwa hiyo komite ya usimamizi iangalie mambo mawili. Akaunti iliyo ndani ya emulatere iwe na ruhusa ya kuingia kwenye mradi wa JARIBU peke yake. Na mbele ya kutuma orodha ya mashamba kwa mnunuzi, mtu aisome. Huku Kivu longitudo zetu nyingi zinaanza na 28 ao 29. Ukipanda Ituri utakuta 30. Ukiona nukta yenye latitudo ya 37,42 na longitudo ya -122,08, hiyo ni Kalifornia, na huko hatuna mwanachama. Angalieni pia nukta zinazofanana kabisa kwa mashamba mawili tofauti.

Kuna na kitu kingine ambacho emulatere haifundishi: uvumilivu. Yenyewe inatoa nukta papo hapo. Telefone ya kweli chini ya migomba inatafuta satelaiti, na mtu anapaswa kusimama pahali pa wazi na kungoja mpaka kosa lishuke karibu na mita 5. Hilo linafundishwa shambani.

Mtu asijaribu pia kuweka humo pesa za telefone. Hamna kadi ya SIM ya kweli, namba za nyota na reli hazijibu, na neno la siri la akaunti ya koperative halina sababu ya kuandikwa kwenye mashini inayotumiwa na kila mtu wa ofisi.

Kama mashini ni ya zamani

Koperative nyingi zitaangalia RAM na kukuta giga 4. Msikimbilie kununua mashini mpya, kahawa ina haki ya kwanza juu ya makuta hayo. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa scrcpy. Siyo emulatere: inachukua telefone ya kweli, kwa waya wa USB, na kuonyesha kioo chake kwenye ordinatere. Unaiendesha kwa kipanya na klavie, na watu kumi wanaweza kuona pamoja. Kama kuna projekta, hata thelathini. Ni nyepesi sana, na inafanya kazi na telefone yoyote ya Android kuanzia toleo la 5.

Kwenye telefone, ingieni "À propos du téléphone" na mfinye mara saba juu ya "Numéro de build". Ukurasa mpya wa watengenezaji utafunguka; humo washeni "Débogage USB". Ungeni waya, mkubali swali linalotokea kwenye telefone, halafu mfungue scrcpy kwenye ordinatere. Mafunzo yakiisha, zimeni "Débogage USB" tena, isibaki wazi.

Kwa maoni yetu, kama lengo lenu ni kufundisha wapimaji peke yake, njia hii inatosha hata kwa wenye mashini nzuri. Emulatere inawafaa zaidi wale wanaotengeneza fomu, wanaotaka kuijaribu kwenye matoleo mawili ao matatu ya Android, na ambao hawana telefone ya ziada ya kuharibia.

Wiki moja mbele ya kufungua kituo, chukueni fomu iliyopita majaribio yote, muiweke kwenye telefone za wapimaji wenyewe, mpande nazo mpaka kwenye mzani. Pimeni mfuko mmoja wa mchanga wenye uzito usio kamili, kilo 37 na nusu kwa mfano, muuandike, muutume, kisha mrudi ofisini kuangalia namba iliyofika.